Akiba Huoza: Viini vya Maradhi katika Matangi na Mabomba ya Majengo

Methali yetu yasema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa fedha iliyowekwa benki, na huenda likawa kweli kwa uwele uliokaushwa vema na kuhifadhiwa ghalani. Kwa maji si kweli. Maji yakiwekwa pasipo kutunzwa huharibika, na mara nyingi huharibika bila kubadilika rangi, harufu wala ladha. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea ndani ya majengo yetu, na jinsi mwalimu pamoja na wanafunzi wake wanavyoweza kulizuia.

Natoa mfano wa mkoa wa Singida, kwa kuwa huko thamani ya akiba ya maji inajulikana na kila mtu. Mkoa huu umo katika ukanda mkavu wa kati ya Tanzania. Mvua zake huja katika msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyosalia ni ya jua na upepo. Mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi na hayafai kunywewa. Kwa hiyo wakazi hutegemea maji yaliyo chini ya ardhi, na mji wenyewe huhudumiwa na visima virefu, vikiwamo vya Mwankoko na Irao. Mahali penye hali kama hiyo, kila shule, kila kituo cha afya na kila nyumba ya wageni haina budi kuwa na tangi.

Mfuniko uliochukuliwa na upepo

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa na shule moja ya bweni mkoani humo kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Ilikuwa mwezi wa Januari, shule ikiwa imefunguliwa siku chache tu, na tayari wanafunzi wengi walikuwa wakilalamika kuumwa tumbo na kuhara. Mzee aliyetunza pampu alinipeleka kisimani kwa fahari. "Mwalimu," aliniambia, "kisima hiki hakina neno. Mimi na wanangu twanywa maji yake mwaka wa ishirini huu."

Nilimwamini. Maji ya kisima kirefu huchujwa na tabaka nyingi za udongo na mwamba kabla ya kufika chini, na kwa kawaida huwa na bakteria wachache sana. (Nazungumzia bakteria tu, madini ya floraidi, yanayopatikana katika baadhi ya visima vya mkoa huo, ni somo jingine.) Nikamwomba mzee tupande juu ya tangi. Mfuniko haukuwepo. Upepo ulikuwa umeuchukua wakati wa likizo, ukautupa shambani, na hapakuwa na mtu wa kuurudisha. Manyoya ya ndege yalielea juu ya maji, na nilipopitisha kidole ukutani mwa tangi kilirudi na utando wa kuteleza. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Kumbe tunafunga mlango wa mbele, na mwizi yumo darini."

Maneno yale yalikuwa na sayansi ndani yake. Tumezoea kuuliza maji yametoka wapi. Ni mara chache tunauliza yamepita wapi na yamelala wapi. Ugonjwa huweza kuingia mahali popote kati ya kisima na kikombe.

Wageni na wenyeji

Bakteria wa maradhi wanaopatikana katika maji ya majengo wamo katika makundi mawili. Kundi la kwanza nitaliita wageni. Hao hutoka katika kinyesi cha binadamu au cha wanyama, na huletwa majini na mvua, vumbi, ndege, panya, au ndoo iliyochotea maji ikiwa chafu. Humo wamo viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Nchi yetu inawafahamu wageni hao. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulianza katika bonde la Rufiji mwaka 1977, na ule ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu katika mikoa yote ya Tanzania Bara na kuwapata watu zaidi ya 20,000.

Wageni huingia hata katika mabomba yaliyofungwa. Maji yanapotiririka kwa nguvu, msukumo ulio ndani ya bomba hushinda ule wa nje, hivyo penye ufa maji hutoka. Maji yanapokatika, msukumo wa ndani hushuka, na ufa ule ule huweza kunyonya maji machafu yaliyo udongoni. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mgawo huwa ya kutiliwa shaka.

Kundi la pili ni wenyeji. Hao hawahitaji kinyesi. Huishi majini na udongoni kwa asili yao, na wakiingia katika tangi au bomba hujenga makao. Hutoa ute unaoshikamana na ukuta, na ndani ya ute huo bakteria wa aina nyingi huishi pamoja wakila uchafu unaopita. Huo ndio utando niliougusa kwa kidole. Utando una hatari mbili: huwakinga bakteria dhidi ya dawa, na humegeka vipande ambavyo husafiri mpaka kwenye bomba la mwisho.

Mwanafunzi wa hesabu anaweza kupima kasi ya jambo hili. Katika maabara, penye joto na lishe ya kutosha, bakteria aina ya Escherichia coli hujigawa mara moja kila dakika 20. Kwa saa 8 hujigawa mara 24, na bakteria mmoja huwa zaidi ya milioni 16. Katika tangi kasi huwa ndogo zaidi, kwa kuwa lishe ni haba. Lakini likizo ya shule si ya saa 8, bali ya wiki kadhaa.

Hoteli ya Philadelphia

Ulimwengu ulijifunza habari za wenyeji kwa gharama kubwa. Mwezi Julai 1976, askari wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Baada ya siku chache wengi wao walishikwa na homa kali ya mapafu. Kwa jumla watu 221 waliugua na 34 wakafa. Wataalamu walitafuta sumu, virusi na madini bila mafanikio, mpaka Januari 1977, Joseph McDade alipotambua bakteria ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina. Baadaye aliitwa Legionella pneumophila, kwa kuwakumbuka askari wale.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba kwa kawaida haupatikani kwa kunywa maji, bali kwa kuvuta hewa yenye matone madogo sana ya maji. Aidha, si kawaida mgonjwa kumwambukiza mwenzake. Tangu wakati ule milipuko mingi imefuatiliwa hadi kwenye matangi ya maji ya moto, mabomba ya kuogea, na minara ya kupozea hewa ya majengo makubwa. Katika minara hiyo maji hunyunyizwa mbele ya feni ili yatoe joto. Maji huwa vuguvugu, hukusanya vumbi, na feni hurusha matone nje.

Tusitishike bila sababu. Kiyoyozi kidogo cha chumbani, kama vile vilivyomo katika ofisi nyingi za Afrika ya Mashariki, hakitumii mnara wa maji. Hata hivyo hospitali, hoteli na mabweni yenye maji ya moto, yakiwamo yanayopashwa joto kwa jua, yana kila kitu ambacho Legionella huhitaji: maji yaliyotulia, utando, na joto la kati ya digrii 25 na 45 za Sentigredi. Chini ya digrii 20 bakteria huyo hulala tu bila kuongezeka. Kwenye digrii 60 hufa kwa muda wa dakika. Wanaodhurika zaidi ni wazee, wavutaji wa sigara, na wagonjwa ambao kinga ya miili yao imepungua.

Kwa nini klorini hupotea

Huenda msomaji akauliza: kama maji yalitiwa dawa yalipotoka kisimani, hofu ya nini? Jibu ni kwamba klorini si rangi inayobaki ukutani. Ni kemikali inayotumika na kwisha. Klorini inapoingia majini hufanya asidi ya haipoklorasi (HOCl), ambayo huua bakteria kwa kuharibu chembe zao. Kazi hiyo huimaliza asidi yenyewe. Kila jani, kila unyoya na kila kipande cha utando hudai sehemu yake, na jua likipiga maji yaliyo wazi huongeza upotevu.

Ualkali wa maji nao una athari. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo asidi hiyo inavyogeuka kuwa ioni za haipokloraiti (OCl⁻), ambazo ni dhaifu zaidi. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini huru bado ni HOCl. Kwenye pH 8.5 imebaki karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita maji yanapofika bombani.

Hatua za kinga

Kwanza, tangi lizibwe. Mfuniko ufungwe kwa komeo ili upepo usiuchukue, na bomba la kufurikia liwekewe wavu wa kuzuia wadudu, ndege na panya. Tangi likiwa kivulini maji hubaki baridi.

Pili, tangi lisafishwe angalau kila likizo. Limwagwe maji, kuta zisuguliwe mpaka utelezi uishe, kisha lijazwe maji yenye klorini miligramu 50 kwa lita na kuachwa kwa saa 12 au zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Tangi la lita 5,000 huhitaji klorini miligramu 250,000, yaani gramu 250. Ikiwa unga wa klorini una nguvu ya asilimia 65, tutagawanya 250 kwa 0.65 na kupata gramu 385 za unga. Maji hayo yasinywewe. Yamwagwe, na tangi lisuuzwe. Mtu asiingie tangini peke yake, wala unga huo usichanganywe na tindikali, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu.

Tatu, maji yaliyolala yasinywewe. Siku moja kabla wanafunzi hawajarudi, koki zote zifunguliwe, kuanzia iliyo karibu na tangi hadi iliyo mbali, mpaka maji mapya yafike. Mabomba yasiyotumika yakatwe na kuzibwa karibu kabisa na bomba kuu, maana ndimo utando hustawi bila kuguswa.

Nne, penye maji ya moto, yahifadhiwe kwenye digrii 60, na tahadhari iwekwe ili mtu asiungue. Maji vuguvugu yanayokaa tangini ndiyo mabaya kuliko yote.

Tano, penye shaka maji ya kunywa yachemshwe. Ushauri huu ni wa zamani. Vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya viliujadili mwaka 1973, na haujachakaa.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wa kemia wanaweza kupima kama klorini imefika bombani. Chukua mililita 100 za maji katika kopo safi jeupe. Tia chembe chache za potasiamu ayodaidi, matone machache ya siki nyeupe, na matone ya maji ya wanga uliopikwa siku hiyo hiyo. Klorini ikiwapo, hutoa ayodini kutoka katika chumvi ile, na ayodini pamoja na wanga huleta rangi ya samawati. Rudia kwa maji ya kisimani, ya tangini, na ya koki iliyo mbali kuliko zote, kisha linganisha. Maji ya jaribio yamwagwe, yasionjwe. Rangi ikionekana karibu na mahali dawa inapotiwa lakini ikakosekana bwenini, darasa limegundua kwamba kuna kitu njiani kinachoila klorini. Sasa swali ni moja: kiko wapi?

Nilipoondoka katika shule ile, mfuniko ulikuwa umekwisha rudishwa na kufungwa kwa waya. Mzee wa pampu aliomba daftari kwa mkuu wa shule. Katika ukurasa wa kwanza aliandika tarehe ya kusafisha tangi, na chini yake akaacha mstari mtupu kwa tarehe itakayofuata. Kila jengo lenye tangi lahitaji daftari la namna hiyo, na mtu wa kulijaza.