Ovari Haipumziki Wakati wa Mimba

Watu wengi huamini kwamba mimba ikishatunga, ovari hulala. Hedhi imekoma, hakuna yai linalotoka, nguvu zote za mwili zimeelekezwa kwa kiumbe kilichomo tumboni. Basi ovari zingekuwa na kazi gani tena? Imani hiyo ina mantiki yake, lakini ushahidi unaikataa. Folikuli, yaani kile kifuko kidogo chenye yai moja lililozungukwa na seli zinazolilisha na kutengeneza homoni, haiachi kuanza safari yake kwa sababu ya mimba. Mimba hufunga mlango mmoja tu katika safari hiyo, na mlango wenyewe hauko mahali pamoja kwa kila mnyama. Tofauti hii si ya maabara peke yake. Mfugaji asiyeijua anaweza kupoteza ndama.

Shahidi bora wa jambo hili ni ng'ombe, kwa kuwa ovari zake hutazamwa siku hadi siku kwa ultrasaundi kupitia njia ya haja kubwa bila kumdhuru. Katika mzunguko wake wa siku 21 hivi, folikuli za ng'ombe asiye na mimba hukua kwa mawimbi mawili au matatu. Kila wimbi hutanguliwa na kupanda kwa homoni ya FSH kutoka tezi ya pituitari chini ya ubongo. Kundi la folikuli hukua pamoja hadi moja inapofikia milimita 8 hivi na kuzitangulia nyingine. Hiyo iliyotangulia hutoa estrojeni na inhibini, homoni mbili zinazoishusha FSH, na wenzake hufa kwa kukosa kile walichokitegemea. Yenyewe haifi, maana kufikia hapo imeshajifunza kuishi kwa homoni nyingine, LH. Hatima yake sasa iko mikononi mwa projesteroni, inayotoka kwenye tezi ya manjano iliyoachwa na yai la mzunguko uliotangulia. Projesteroni ikiwa juu, LH hutolewa kwa vipindi vinavyoachana sana, mara moja kwa saa kadhaa, na folikuli hunyauka. Ikishuka, LH huja karibu kila saa, folikuli hupevuka na yai hutoka.

Mimba inabadilisha nini hapo? Kiinitete kinapofikisha siku 16 hivi hutuma ujumbe wa kikemikali uitwao interferoni tau, unaozuia kizazi kisiiangamize tezi ya manjano. Projesteroni basi hubaki juu, na yai halitoki. Lakini hakuna kilichoiamuru FSH inyamaze, wala folikuli zisikue. Mwaka 1996 O. J. Ginther wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na wenzake walichapisha vipimo vya ng'ombe katika miezi sita ya mwisho ya mimba. FSH iliendelea kupanda na kushuka, na kila ilipopanda, wimbi jipya la folikuli lilifuata. Hali hiyo ilidumu hadi siku 21 hivi kabla ya kuzaa. Hapo ndipo folikuli kubwa kuliko milimita 6 zilipotoweka, wakati ambapo kondo la nyuma humwaga estrojeni kwa wingi na kuibana FSH. Siku chache baada ya kuzaa, FSH hupanda upya na mawimbi hurejea. Kwa hiyo usingizi halisi wa ovari ya ng'ombe ni wa majuma matatu hivi, katika mimba ya miezi tisa.

Farasi na punda wamekwenda mbali zaidi, na hapa ndipo dhana ya mapumziko inapoanguka kabisa. Mwaka 1930 Harold Cole na George Hart wa California waligundua kwamba damu ya farasi mwenye mimba ina kitu chenye nguvu ya kuamsha ovari za panya. Leo tunajua kwamba kitu hicho ni homoni inayotengenezwa na seli za upande wa kijusi zinazojipenyeza ndani ya ukuta wa kizazi cha mama mimba inapokaribia siku 40. Katika mwili wa mama hufanya kazi kama LH: folikuli zinazokua wakati wa mimba huachia mayai au hugeuka tezi za manjano bila kuyaachia, na tezi hizo huongeza projesteroni inayoilinda mimba mpaka kondo lijitosheleze. Yaani folikuli ambayo kwa ng'ombe ingenyauka, kwa farasi imeajiriwa. Tembo naye hubeba mimba ya miezi 22 akiwa na tezi kadhaa za manjano, jambo lililoelezwa na J. S. Perry mwaka 1953 kutokana na tembo wa Uganda. Tezi zake za ziada hutokana na folikuli ambazo hazikuachia mayai.

Mtu anaweza kupinga: hao ni wanyama, mwanamke ni habari nyingine. Pingamizi hili lina uzito. Kwa mwanamke, tezi ya manjano hulindwa na homoni ya hCG, ileile inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo. Tezi hiyo ndiyo tegemeo la mimba hadi juma la 7 au la 9, kisha kondo hushika usukani. Projesteroni, estrojeni na inhibini kutoka kondo huishusha FSH kiasi kwamba mawimbi kama ya ng'ombe hayaonekani. Hata hivyo, FSH inahitajika mwishoni mwa safari ya folikuli, si mwanzoni. Folikuli changa huamka bila kungoja amri ya pituitari, hukua kwa miezi, kisha hukwama na kufa zinapofika mahali ambapo bila FSH haziendelei. Mlango wa mwanamke umefungwa mapema kuliko wa ng'ombe, lakini foleni nyuma yake inasogea.

Pingamizi la pili linahusu akiba. Wapo wanaosema kila mimba humwekea mwanamke mayai yake na kumchelewesha kukoma hedhi, na ni kweli tafiti zimeona kwamba waliozaa mara nyingi huelekea kuchelewa kidogo. Tufanye hesabu. Msichana huvunja ungo akiwa na folikuli 300,000 hivi. Anapokoma hedhi, akiwa na miaka 50 na ushei, hubakiwa na 1,000 au pungufu. Huo ni wastani wa kupoteza zaidi ya 600 kila mwezi, ilhali linalotoka kwa kawaida ni yai moja. Miezi tisa bila yai kutoka humwokolea mayai tisa hivi, ambayo katika hesabu hiyo hayafikii upotevu wa siku moja. Nakubali kwamba homoni ya AMH, inayotolewa na folikuli ndogo zinazokua, hushuka mimba inapoendelea, na hiyo ni dalili kwamba mwendo unaweza kupungua. Lakini kupungua mwendo si kusimama. Tena, mwenye folikuli nyingi tangu awali hushika mimba kwa urahisi na pia huchelewa kukoma hedhi, hivyo uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba kuzaa ndiko kulikomchelewesha.

Kwa mfugaji, jambo hili lina gharama ya wazi. Folikuli kubwa ya ng'ombe mwenye mimba hutengeneza estrojeni, na ng'ombe wachache wenye mimba huonyesha dalili za joto: hutulia wakipandwa na wenzao. Mwenye ng'ombe hudhani uhimilishaji wa kwanza haukushika, humwita mhimilishaji, na mrija unaopitishwa hadi ndani ya kizazi unaweza kuitoa mimba iliyokuwa salama. Ng'ombe huyo hakumdanganya mtu. Ovari yake ilikuwa kazini. Kwa hiyo, ndugu mfugaji, ng'ombe aliyekwisha kuhimilishwa akionyesha joto tena, hasa nje ya zile siku 21 zilizotarajiwa, mwite kwanza daktari wa mifugo ampime mimba, iwe kwa mkono, kwa ultrasaundi au kwa kupima projesteroni katika maziwa, ambayo ikiwa juu joto hilo si la kuhimilisha. Nawe mhimilishaji, ukikuta mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito unaonata, usilazimishe mrija kupita.