Bastola ya shaba kutoka kiwanda cha pamba

Kwa asiyejua, hii ni bastola mbovu. Mwili wake ni wa shaba ya njano, makwaruzo ya tupa bado yanaonekana, na hakuna jina la kiwanda popote. Kuna namba tu na herufi mbili tatu za mafumbo. Iweke kando ya bastola ya Colt ya mwaka 1860, yenye mwili wa chuma ulionyooshwa kwa mashine, uone aibu kwa niaba yake. Lakini kwenye minada ya Marekani, Colt hiyo ikiwa katika hali nzuri huenda kwa dola elfu kadhaa, na hii mbovu hufika makumi ya maelfu.

Wakusanyaji huiita Griswold & Gunnison. Ni silaha ya upande ulioshindwa, yaani majimbo ya Kusini, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na bei yake inaelezwa na hesabu ndogo. Colt ilitoa bastola za muundo ule wa 1860 zipatazo 200,000. Griswold walitoa kama 3,700, na hao ndio waliokuwa wakubwa Kusini. Spiller & Burr na Leech & Rigdon waliishia kwenye 1,500 hivi kila mmoja.

Huku kwetu vita hivyo vilifika kwa njia ya kitambaa. Merikani, ile shuka nzito ya viwanda vya Massachusetts, ilikuwa ndiyo fedha ya misafara ya kwenda bara. Pamba ya Kusini ilipozibwa na manowari za Kaskazini, merikani ikaadimika Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake.

Pamba hiyohiyo ndiyo iliyomtajirisha Samuel Griswold. Alizaliwa Connecticut, huko Kaskazini, akahamia Georgia na kujenga kiwanda cha mashine za kuchambua pamba karibu na mji wa Macon. Kitongoji kizima kikaitwa Griswoldville. Vita vilipoanza alitengeneza kwanza mikuki, naam, mikuki, kwa ajili ya askari wa jimbo waliokosa bunduki. Kisha mwaka 1862 akashirikiana na Arvin Gunnison, wakageuza mitambo ya pamba ifue bastola. Waliiga Colt ya 1851, mali ya Samuel Colt, mtu wa Connecticut kama Griswold mwenyewe.

Chuma kizuri hakikuwepo, ndiyo maana ya ile shaba. Silinda ilikuwa taabu zaidi. Ina vyumba sita. Kila kimoja hujazwa baruti, hushindiliwa risasi ya duara, na nyuma yake huvishwa fataki. Chuma hafifu kina mishipa ya takataka inayokwenda kwa urefu, na baruti ikilipuka hupasuka kwenye mshipa huo. Basi walikipasha chuma moto, wakakisokota kama kamba ya katani, ndipo wakakichonga. Kwenye silinda ambayo haijaliwa na kutu, mistari ya msokoto huo inaonekana hadi leo.

Na waliokisokota ni akina nani? Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 24, na 22 kati yao walikuwa watumwa. Watu walionyimwa uhuru ndio waliofua silaha za jeshi lililopigana wasiupate. Katalogi za minada hukutajia namba ya bastola, jina la ofisa aliyeivaa, hata wajukuu walioirithi. Kwa mafundi hawa husema "watumwa", kisha hurudi kwenye bei. Mimi naona hapo ndipo ilipo thamani ya chombo hiki, kuliko kiunoni kwa ofisa yeyote.

Tarehe 20 Novemba 1864, wapanda farasi wa Jenerali Sherman wa Kaskazini walikichoma kiwanda. Siku mbili baadaye wanamgambo wa Georgia, wengi wao wazee na vijana wadogo, waliwashambulia askari wa Kaskazini papo hapo Griswoldville wakaangushwa kwa mamia. Kiwanda hakikufufuka.

Penye bei, wajanja hawakosekani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mafundi wa Italia wamekuwa wakitengeneza kopi halali za bastola hizi kwa wapenda kulenga shabaha. Tapeli hununua moja, hufuta mihuri ya Kiitaliano, huichovya kwenye tindikali, kisha huitungia hadithi ya babu. Kopi nyingi humwumbua kwa mtutu wa pembe nane. Griswold halisi ina mtutu wa mviringo. Na asiyejua kitu huharibu hata iliyo halisi: huisugua shaba mpaka ing'ae, na kwa kitambaa kimoja akapoteza maelfu ya dola.

Sheria kuu ya Marekani huzihesabu silaha zilizotengenezwa hadi 1898 kuwa vitu vya kale, kwa hiyo biashara yake ni nyepesi huko. Msomaji wa Mombasa au Mwanza asidhani wepesi huo unavuka bahari. Na ukibahatika kuonyeshwa moja, kabla hujaitia mkononi mwombe mwenyewe akuhakikishie kwamba vyumba vyote sita ni vitupu. Baruti ya 1864, ikiwa haikupata unyevu, bado inawaka.