Kivuli Kwanza, Maua Baadaye: Uwanja wa Nyumba Likoni, Kisauni na Changamwe (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia jinsi ploti za Likoni, Kisauni na Changamwe zinavyojazwa: nyumba hupanuliwa hadi ikagusa ukuta wa jirani, kipande cha ardhi kinachobaki kikamwagiwa zege au kutandikwa kabro, kisha mlangoni pakawekwa vyungu viwili vitatu vya maua yaliyonunuliwa kando ya barabara. Mwenye nyumba huona amepata uwanja. Lakini saa tisa alasiri uwanja huo huwa mtupu, watu wamejifungia ndani na feni inawapulizia joto. Hoja ninayoitetea leo ni kwamba, kwa hali ya hewa yetu, uwanja ni chumba cha nyumba, na chumba hakikaliki kabla hakijaezekwa. Ezeko la uwanja ni kivuli. Kianze kivuli, pafuate mahali pa kukaa, yaje maji na udongo, na maua yawe ya mwisho. Anayeupindua mpangilio huu hutumia fedha mara mbili, na bado hapati mahali pa kupumzikia.

Ushahidi wa kwanza ni mwendo wa jua lenyewe. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Machi ndiyo mwisho wa kaskazi, wakati joto la mchana hufikia nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na upepo hulegea katika malelezi kabla kusi haijashika. Katika majuma hayo ukuta, hata uwe mrefu vipi, hautoi kivuli saa sita mchana. Kinachomkinga mtu ni kile tu kilicho juu ya kichwa chake. Alasiri jua huinamia magharibi na kuupiga ukuta wa upande huo kwa saa kadhaa. Matofali ya saruji na zege hulinyonya joto hilo mchana kutwa, kisha hulirudisha polepole usiku. Ndiyo maana chumba kinachopakana na uwanja wa zege huwa na fukuto hata watu wanapokwenda kulala. Mti hufanya kazi mbili ambazo zege haiwezi: huzuia jua lisifike chini, na majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa. Kwa hiyo mti wa kwanza wa ploti, hata ukiwa ni huo mmoja tu, upandwe magharibi ya mahali pa kukaa, ili alasiri kivuli chake kiwafunike watu na ukuta kwa pamoja.

Ushahidi wa pili ni wa wajenzi waliotutangulia. Gede, mji wa kale uliochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia 1948 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, una nyumba za mawe ambazo mgeni alianza kwa kushuka katika ua uliochimbwa chini ya usawa wa njia, kisha ndipo akafikia vyumba virefu vyembamba. Magofu ya Jumba la Mtwana, ng'ambo ya Mtwapa, nayo yanaonyesha kuta nene za matumbawe na nyua ndani yake. Ua mdogo kati ya kuta ndefu hupata kivuli asubuhi na jioni, na hewa ya huko hubaki baridi kuliko ya njiani. Nyumba za udongo na makuti zilizofuata katika mitaa ya Waswahili zilifikia lengo hilo kwa njia nyingine: upenu mpana mbele, chini yake kibaraza, na nyuma ua wa familia. Katika ujenzi huo wote mahali pa kukaa nje palifikiriwa pamoja na nyumba. Sisi tumeirithi baraza tukaukata upenu uliokuwa ukiifunika, na sasa tunashangaa kwa nini hakuna anayeketi.

Wengi watajibu kwamba ardhi ya Mombasa bara, nje ya kisiwa, ni jiwe tupu, mti hautashika. Jibu la pingamizi hili liko Kisauni kwenyewe, Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba matumbawe hadi kikaacha mashimo mapana yasiyo na udongo, yaliyochomwa na jua na kukaribia maji ya chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu huko aina 26 za miti. Zilizosalimika zilikuwa tatu: mvinje, mnazi, na mti wa Conocarpus wenye asili ya Somalia na nchi za jirani. Mvinje ndio uliobeba mzigo mkubwa, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaochukua naitrojeni hewani, basi hujilisha hata penye jiwe. Majani yake makavu hayakuoza kwa urahisi, hadi Haller alipoleta majongoo wakayatafuna na kuyageuza kuwa udongo mweusi. Miti mingine ikafuata, kisha nyasi, ndege na wanyama. Leo mahali hapo ndipo Haller Park. Tazama mfuatano wake: mti mgumu ulitangulia, mti ukaleta majani, majani yakaleta udongo, na udongo ukapokea mimea laini. Angeanza na waridi, pangekuwa jiwe hadi leo.

Udongo wetu, hata hivyo, si wa namna moja. Ploti nyingi za Kisauni ziko juu ya matumbawe, na hapo ni lazima kuchimba shimo pana la futi tatu na kulijaza udongo mwekundu, samadi na majani yaliyooza. Penye mchanga, kama sehemu nyingi za Likoni, maji hupita yakapotea; dawa yake ni makumbi ya nazi yaliyofukiwa shimoni na mengine yakatandazwa juu kuzunguka shina, kwani makumbi hushika unyevu na hupatikana bure kwa wakwezi na wakamua nazi. Changamwe ina udongo mzito unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika, na humo mche hupandwa juu ya tuta ili mizizi isizame majini. Wakazi wa maeneo ya viwanda wana sababu moja zaidi ya kuwa waangalifu. Yaliyowapata watu wa Owino Uhuru, Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilieneza risasi katika udongo na miili ya watu hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia mwaka 2020, yanatufundisha kutopanda mchicha katika ardhi tusiyoijua historia yake. Hapo mti wa kivuli upandwe ardhini, na mboga zipandwe katika magunia yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Kuchagua mti ni kuchagua kivuli cha miaka thelathini, basi kusifanywe kwa pupa. Mwembe una kivuli kizito na tunda juu yake, lakini unataka nafasi, na ukikua hauthamini ukuta wa mtu. Mkungu hutandaza matawi yake kwa tabaka kama mwavuli na huvumilia chumvi, ila hupukutisha majani mapana yanayotaka ufagio. Mwarobaini hukua upesi na hustahimili ukame. Miti mikubwa kama hii ikae angalau mita tano kutoka kwenye msingi wa nyumba, bomba na shimo la choo. Ploti ndogo isiyo na mita hizo haijakosa kila kitu: mpera, mstafeli, mkomamanga na mndimu hutosha, au nguzo nne na uchanja wa mbao unaopandishiwa mpashoni au bogenvilia, nao huweza kufunika baraza ndani ya misimu miwili mitatu. Nguzo ziwe za mvinje unaopandwa kwa biashara; boriti za mikoko tuziache katika hori za Tudor na Mtwapa, ambako mikoko huzuia mmomonyoko na kulea samaki. Mnazi ni mti wa heshima, lakini kivuli chake ni chembamba na dafu likianguka halichagui kichwa, kwa hiyo hauwi paa la baraza.

Kivuli kikishapatikana, mahali pa kukaa hupatikana kwa gharama ndogo. Baraza ya mawe au matofali, yenye kimo cha goti na upana wa kumtosha mtu kujilaza, hudumu kuliko viti vya plastiki vinavyopasuka kwa jua. Iwe na mgongo kwenye ukuta, na uso wake uelekee penye upepo. Hapa ndipo maua hupata nafasi yake halali. Watu wa Pwani walithamini harufu kuliko rangi, na walikuwa na sababu, kwa kuwa saa za kukaa nje ni za jioni, wakati macho hayaoni rangi lakini asumini na mlangilangi ndiyo kwanza vinafunguka. Rehani, mchaichai na mhina hukaa vizuri pembezoni mwa baraza, na kila kimoja kina kazi jikoni, mwilini au katika kikuba cha shughuli.

Pingamizi zito zaidi ni la maji. Ni kweli mifereji ya Mombasa bara hukauka kwa siku nyingi, na familia inayonunua maji kwa mitungi ya mkokoteni haiwezi kumwagilia maua kwa maji hayo, wala haipaswi. Lakini hesabu ya mvua inatutetea. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 50 hupokea lita 50,000, na hata tukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 40,000, sawa na mitungi 2,000 ya lita 20. Tangi dogo haliwezi kushika yote, lakini mfereji wa paa unaoelekezwa kwenye shina la mti huyaweka maji ardhini, mahali ambapo mizizi itayatafuta. Mche uliopandwa masika yanapoanza hupata miezi mitatu ya kushika mizizi bila mtungi hata mmoja. Baada ya hapo, maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia nguo huutosha, ili mradi hayana dawa ya kung'arisha. Mwenye kisima cha maji ya chumvi apande mkungu, mvinje na bogenvilia, na asiyapeleke maji hayo kwenye mndimu.

Wapo wanaosema bustani huleta mbu, na Mombasa, iliyopata milipuko ya homa ya dengi na ile ya chikungunya ya 2017 na 2018, ina haki ya kuogopa. Lakini mbu wa Aedes, anayeeneza magonjwa yote mawili na kuuma mchana, hataki msitu. Anataka maji masafi yaliyotuama katika tairi, pipa lisilofunikwa, kifuu cha nazi au kisahani cha chungu cha ua. Yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Kumwaga kila chombo mara moja kwa wiki na kufunika pipa kwa wavu humkatia kizazi. Uwanja wenye mti mmoja na ardhi inayofyonza maji una mbu wachache kuliko uwanja wa zege wenye vyungu ishirini na visahani vyake.

Wengine huuliza kwa nini mtu apande mti katika ardhi isiyo yake. Swali hili lina uchungu wa kweli. Tangu sheria ya hatimiliki ya 1908, iliyowaacha wengi wa ukanda wa pwani bila karatasi, maelfu ya wakazi wa Mombasa bara wamemiliki nyumba huku ardhi ikiwa ya mwingine. Wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni, lenye zaidi ya ekari 900, walianza kupewa hati Januari 2016 tu, baada ya miaka mingi ya mvutano. Siwezi kumlaumu anayesita. Hata hivyo, Pwani ina desturi ya kale inayotenganisha mti na ardhi, ambapo minazi na miembe ni mali ya aliyeipanda, na katika fidia miti huhesabiwa. Mti ni alama ya makazi ambayo kibanda cha mabati hakiwezi kuishinda. Aliye mpangaji, naye, anaweza kupanda mndimu na rehani katika pipa lililotobolewa chini, akahama navyo.

Suala la usalama na sitara lisitusukume kujenga kuta ndefu zisizo na tundu. Ukuta kama huo huzuia kusi, upepo unaotuburudisha, na humficha mwizi akishaingia. Matofali ya matundu kuanzia kimo cha kifua, pamoja na ua wa bogenvilia yenye miiba, huhifadhi sitara ya familia, hupitisha hewa, na humpa mvamizi kazi ngumu.

Kwa hiyo, aliyeweka akiba ya kutengeneza uwanja na aamkie shimo la mti kabla ya lori la kabro. Atandike kabro njia ya miguu tu, na ardhi iliyobaki aiache ipumue, kwani kila uwanja uliozibwa kwa saruji huisukuma mvua yake kwa jirani wa bondeni, na mafuriko ya mitaani ni jumla ya viwanja hivyo. Uwanja mzuri ni wajibu wetu kwa wenzetu kabla haujawa fahari ya mtu mmoja. Sehemu ya tatu itawahusu wanaoishi nyumba za ghorofa za Mtopanga, Chaani na Mtongwe, wasio na ardhi hata ya shimo moja: jinsi ya kupata kivuli na mboga katika roshani na juu ya paa la saruji.