Tusiilishe Injini Vumbi

Injini hupumua kama sisi. Lita 1 ya petroli ikiungua hutaka hewa lita 9,000 hivi. Huku kwetu Kitaya, kiangazi kikikolea, hewa hiyo ina vumbi jingi. Ndiyo maana gari na pikipiki zimewekewa chujio la hewa.

Vijana wengine hupenda chombo kingurume na kukimbia. Wapo wanaofunga chujio la wazi. Wapo wanaolitoa chujio kabisa. Je, lipi linatufaa? Tulinganishe.

Chujio la karatasi: Hushika vumbi vizuri sana. Lakini halifuliwi kwa maji. Likiziba, tununue jipya.

Chujio la sponji: Pikipiki nyingi zinalo. Tulifue kwa maji ya sabuni, tulikaushe kivulini, tulipake oili, kisha tulikamue. Likiwa kavu hupitisha vumbi. Tusilifue kwa petroli, tutaungua!

Chujio la wazi: Mlio huwa mkubwa, nguvu huongezeka kidogo tu. Tena mara nyingi huvuta hewa ya moto iliyo karibu na injini. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo nguvu hupungua.

Bila chujio: Hii ndiyo hasara kubwa. Vumbi ni mchanga. Likichanganyika na oili husaga ringi na silinda kama msasa. Mwisho injini hula oili na kutoa moshi wa buluu. Hapo, ndugu, ni kuchonga injini, na fedha ya korosho ndiyo imekwisha.

Basi tusinunue mlio. Tutunze chujio.