Himoglobini Moja, Sababu Nyingi: Chembe Nyekundu Zinavyomwongoza Tabibu

Katika zahanati nyingi za Bunju na pembezoni mwa Dar es Salaam, upungufu wa damu hugunduliwa kwa tone moja la damu ya kidoleni. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au 13 kwa mwanamume, mgonjwa huambiwa damu yake imepungua, na mara nyingi hupewa vidonge vya madini chuma. Wengi hupona. Wapo, hata hivyo, wanaomeza vidonge miezi kadhaa na damu isipande.

Tatizo hili si la wachache. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 59 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Nyuma ya takwimu hizo kuna malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, lishe duni, selimundu, na pia talasemia ya alfa, ambayo ni ya kurithi na imeenea ukanda wa pwani. Himoglobini peke yake haiwezi kuzitenganisha.

Hapo ndipo kipimo cha picha kamili ya damu kinapofaa. Katika karatasi ya majibu, MCV ni wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu. Kwa mtu mzima huwa kati ya femtolita 80 na 100. RDW huonyesha jinsi chembe hizo zinavyotofautiana kwa ukubwa. Chembe ndogo huelekeza kwenye ukosefu wa chuma au talasemia. Chembe kubwa huelekeza kwenye ukosefu wa vitamini B12 au folati, ugonjwa wa ini, au dawa kama zidovudini na haidroksiyurea.

Tuchukue mfano wa wanawake wawili, kila mmoja akiwa na himoglobini ya gramu 10. Wa kwanza ana MCV ya 74 na chembe milioni 4.3 kwa kila mikrolita. Wa pili ana MCV ya 62 na chembe milioni 5.4. Mwaka 1973, daktari William Mentzer alipendekeza hesabu rahisi: MCV igawanywe kwa idadi ya chembe katika mamilioni. Wa kwanza anapata takriban 17, wa pili 11.5. Jibu linalozidi 13 huelekea ukosefu wa chuma, ambao mara nyingi huambatana na RDW iliyopanda. Lililo chini ya 13 huelekea talasemia. Mwanamke wa pili anahitaji uchunguzi zaidi kabla ya kuongezewa chuma ambacho huenda mwili wake hauhitaji.

Hata hivyo, namba hizi ni dira, si hukumu. Mtu aliyekosa chuma na folati kwa pamoja anaweza kuwa na MCV ya kawaida, kwa kuwa chembe ndogo na kubwa husawazishana katika wastani. RDW iliyopanda ndiyo humzindua tabibu. Mgonjwa wa selimundu mwenye chembe ndogo huenda pia ana talasemia ya alfa au amekosa chuma. Aliyekosa vitamini B12 akipewa asidi ya foliki pekee, damu inaweza kupanda huku mishipa yake ya fahamu ikizidi kuharibika. Nayo sampuli iliyocheleweshwa, hasa kwenye joto, chembe zake huvimba na kupandisha MCV. Kwa kituo kinachopeleka damu maabara ya mbali, saa ya kuchukua sampuli ni sehemu ya jibu.

Kwa mhudumu wa afya, himoglobini isiyopanda baada ya wiki nne za chuma kilichomezwa ipasavyo ni sababu ya kuomba picha kamili ya damu, kuangalia chembe kwa hadubini, na inapobidi kupima akiba ya chuma na aina za himoglobini. Kwa mgonjwa, yafaa kutunza karatasi za majibu, kutaja dawa zote anazotumia, na kueleza kama katika ukoo kuna selimundu au watu ambao damu yao hupungua mara kwa mara. Maelezo hayo ndiyo yanayozipa namba za mashine maana.