Kumbe ndani ya jani mna fangasi!

Juzi pale Mwanjelwa, Mbeya, nikimtafutia mwanangu dawa ya homa, mama muuza mitishamba akaninong'oneza: "Baba, huu mwarobaini umetoka Iringa, mkali kuliko ule wa juzi."

Nikacheka. Kumbe inawezekana! Udongo na jua vinachangia, lakini ndani ya majani na magome huishi pia fangasi. Si wale wa vidoleni, msomaji! Hawa hawaudhuru mti; wengine huuongezea dawa, wengine huitengeneza wenyewe. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza fangasi wa mti uitwao yew anayetoa taxol, dawa ya saratani.

Basi kikombe cha jana si kipimo cha leo. Mwanangu nikampeleka kupima damu kwanza. Kubahatisha na malaria? Mimi simo!