Mtoto akiambiwa moyo wake una mlio: Usiogope, usipuuze

Umempeleka mtoto hospitali kwa sababu ya kikohozi. Daktari anamsikiliza kifuani, anarudia tena, kisha anakwambia moyo una mlio wa ziada na anakuandikia rufaa ya kipimo cha eko. Wazazi wengi hapo huamini kuwa mtoto ana tundu kwenye moyo. Wengine, wakiona mtoto anacheza vizuri, huiweka barua ya rufaa kabatini. Kabla hujafanya lolote, elewa mlio huo unatoka wapi.

Damu ikivurugika hutoa sauti

Fungulia bomba la maji kidogo. Maji hushuka kimya na yametulia. Fungulia zaidi, yatavurugika na kupiga kelele. Mwaka 1883 mhandisi Osborne Reynolds wa Manchester, Uingereza, alipitisha rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, rangi ilibaki mstari mmoja ulionyooka. Alipoongeza kasi, mstari ulivunjika ghafla na rangi ikatapakaa. Kasi, upana wa njia na uzito au wepesi wa kimiminika ni miongoni mwa mambo yanayoamua utulivu huo.

Ndivyo ilivyo kwa damu, ila njia yake ni ngumu zaidi. Mishipa hupinda na kugawanyika, na valvu za moyo hufunguka na kufunga kila pigo. Damu ikivurugika humo, daktari husikia mlio.

Mlio usio na ugonjwa

Watoto wengi wenye afya husikika mlio wakati fulani. Kifua chao ni chembamba na damu yao hukimbia kwa kasi. Homa huongeza kasi hiyo. Mtoto mwenye upungufu wa damu naye huweza kuwa na mlio, kwa sababu damu imekuwa nyepesi na moyo unaisukuma haraka. Mara nyingi akitibiwa, mlio hupotea.

Mlio wenye ugonjwa

Jambo linalowashangaza wazazi ni kwamba ukubwa wa sauti haulingani na ukubwa wa tatizo. Tundu dogo kati ya vyumba vya chini vya moyo huweza kutoa mlio mkubwa, kwa kuwa damu hupenya kwa nguvu mahali pembamba. Tundu kubwa huweza kuwa na sauti ndogo. Hivyo, ukiambiwa "mlio ni mdogo", bado nenda kwenye kipimo ulichoandikiwa.

Sababu nyingine ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya bakteria kooni yasiyotibiwa vizuri. Kinga ya mwili huharibu valvu za moyo. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apimwe, na akipewa dawa amalize dozi. Aliyekwisha kupata ugonjwa huu huhitaji sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu hadi nne kwa miaka mingi. Asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Dalili za kutosubiri

Mpeleke mtoto hospitali haraka ukiona anatokwa jasho au kuchoka anaponyonya, haongezeki uzito, anapumua haraka, midomo au ulimi unakuwa wa bluu, anazimia akicheza, miguu inavimba, au viungo vinauma na kuvimba kwa kuhamahama.

Eko hutumia mawimbi ya sauti, haiumi na haina mionzi. Huonyesha valvu, kuta za moyo, na damu inaelekea wapi na kwa kasi gani.

Ukipewa majibu, muulize daktari maswali matatu: Mlio huu una ugonjwa au hauna? Mtoto aruhusiwe kukimbia na kucheza? Turudi lini? Ukiambiwa hauna ugonjwa, mwache mtoto acheze kama wenzake, na umwambie kila daktari mpya kuwa mlio huo ulishapimwa.